Tumbo la Marehemu Guy

Jumatano, 5 Juni

Wamekuja wawili: shemeji Pascal, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na wifi Delphine, dada yao mdogo. Wamekaa. Wamekunywa chai. Wametangaza. Jumamosi ya tarehe 15 tunamaliza kilio cha Guy. Mwaka umetimia. Nitavua nguo nyeusi, padri atasoma misa hapa uani, watu watakula. Watu wangapi? Mia moja na ishirini! Uani kwangu, hapa mtaani Kasha, panatosha watu thelathini, kama wote wamebana pumzi.

Si hayo tu. Mjane hukaa kwenye kiti mbele ya watu. Kisha husimama na kusema maneno juu ya marehemu. Kwa mikro.

Pascal ameuliza kama nina neno. Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema hakuna shida.

Kwa nini nimesema hivyo? Nimejichunguza jioni yote. Jibu ni hili: ilikuwa njia fupi kuliko zote ya kuwafanya waondoke. Sauti ya Delphine inaingia mpaka kwenye meno. Nina miaka arobaini na sita na bado nasikia kila kitu. Kijiko kikigonga kikombe, nasikia mimi. Mtu akikasirika chumba cha pili bila kusema, nasikia pia. Nikikaa na watu kumi nachoka kama aliyepanda mlima kutoka ziwani na jerikani mbili za maji. Nikikaa na mia moja na ishirini sijui inakuwaje. Sijawahi kubaki hadi nijue.

Faida, binti yangu, amesema niwaambie ukweli, ni familia. Nimemjibu kwamba nina mpango. Sina. Lakini nitakuwa nao.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango: barua. Mdomo wangu ni dhaifu lakini kalamu yangu haina woga. Nimemwandikia Pascal kuomba watu wawe ishirini, mikro, hicho kipaza sauti, isiwepo, na mimi nikae ndani. Nimeandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa kali. Ya pili ilikuwa ya machozi. Ya tatu nimeanza na shukrani, kama heshima inavyotaka: kwa jeneza, kwa vijana waliochimba kaburi, kwa mchele wa mwaka jana, kwa kumsindikiza Faida siku yake ya kwanza chuoni. Shukrani zimejaza kurasa mbili. Chini ilibaki nafasi ya mstari mmoja. Nimeandika: kuhusu tarehe 15 nina wazo dogo, tutazungumza.

Faida ameipeleka. Amerudi na macho mekundu. Pascal ameisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Mke wake amelia. Wamesema hawajawahi kuona mjane mwenye moyo kama huu. Itasomwa tena siku yenyewe. Kwa mikro. Nitaisoma mimi.

Na wazo langu dogo? Pascal amelikisia mwenyewe. Anaamini ninataka waongezwe walimu waliofanya kazi na Guy. Ameshawaalika. Sasa ni mia moja na arobaini.

Ijumaa, 7 Juni

Leo sina mpango. Nimeshinda maabara. Kazi yangu ni kutazama damu kwa hadubini katika kituo cha afya cha mtaani kwetu. Naipenda. Damu haiulizi habari za nyumbani. Vimelea vipo au havipo. Unaandika, unashika kioo kingine.

Nimemkumbuka Guy vibaya sana. Miaka ishirini na miwili sikuhitaji mpango wowote, nilikuwa na yeye. Alifundisha jiografia, na Jumapili alikuwa mwamuzi wa mpira. Kutembea naye kutoka hapa hadi sokoni Bagira kulichukua saa nzima, kwa sababu ya salamu. Kwenye sherehe alisimama mbele yangu kama pazia. Mtu akiniuliza swali, yeye alijibu, tena alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Na nikizidiwa, nilimvuta mkono wa shati mara mbili. Basi. Guy alikunja uso, akashika tumbo, akawaomba radhi wenyeji: tumbo limeanza tena. Tukatoka.

Tumbo lake lilikuwa zima kabisa. Halikumuuma hata siku moja. Lakini lilikuwa mashuhuri! Watu walimletea majani ya kuchemsha. Padri aliliombea. Hakuna hila niliyowahi kuitunga ikafanya kazi kama ile, na sikuitunga mimi. Aliitunga yeye, juma la kwanza la ndoa yetu, aliponiona nimesimama nyuma ya mlango wa wazazi wake na sahani mkononi, nikitetemeka.

Alianguka darasani, saa nne asubuhi, akichora mto ubaoni. Moyo. Madaktari walisema hakuna ambaye angejua. Tangu siku hiyo nimealikwa kwenye harusi tano na ubatizo mmoja. Sijaenda hata moja. Msiba unakupa ruhusa. Tarehe 15 ruhusa inaisha.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka na mpango mzuri sana. Malaria! Nani atamlazimisha mgonjwa wa malaria kukaa kwenye kiti? Nimetuma habari kwa Delphine kwamba nina homa, na nadhani itakuwa ndefu, labda wiki moja, labda hadi tarehe 16.

Delphine amefika kabla sijalala vizuri. Amenishika paji la uso. Amesema liko baridi kama mtungi. Amesema pia kwamba mtu wa maabara asiye na cheti cha maabara ni aibu, twende nipimwe. Nani yuko zamu Jumamosi? Mimi.

Kwa hiyo nimefungua maabara. Nimejichoma kidole. Nimepaka kioo, nimekausha, nimetia rangi, nimetazama. Delphine amekaa kwenye benchi ya wagonjwa, mkoba mapajani, akinitazama ninavyojitazama. Nimetafuta kwa bidii. Sijawahi kumtafutia mtu vimelea kwa upendo namna ile. Hakuna! Damu safi, ya msichana.

Ningeweza kuandika kwamba vipo. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini daftari lile lina majina ya watoto waliopona na wasiopona. Nimeandika: hasi. Nimeweka sahihi.

Delphine ameniangalia muda mrefu. Ameuliza, kwa sauti ndogo ambayo si yake, kama Guy naye niliwahi kumpima hivi, kwa bidii hii. Sikuelewa swali. Amefunga mkoba, ameondoka bila kuaga.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango mpya ni jiko. Mpishi hana haja ya kuongea, na moshi unaficha uso. Nimewaambia wanawake wa ukoo nitasimamia sombe ya majani ya mihogo na vidagaa vya sambaza mimi mwenyewe. Wamecheka kwa huruma. Mjane hapiki siku hiyo. Mjane anakaa.

Basi nimehamia kwenye kiti. Kama lazima kiwepo, kiwe karibu na mlango wa nyumba, hatua tatu, ili niweze kuingia ndani kwa haraka. Nimepima uani kwa kamba. Maisara, jirani yangu, anayeuza vitenge, amenikuta napima. Ameshika ncha ya pili ya kamba bila kuuliza. Ndiyo maana nampenda.

Yeye pia ni mjane. Alipofiwa na mzee Amisi alikaa eda: miezi minne na siku kumi, nyumbani, bila kwenda sokoni, bila sherehe. Miezi minne na siku kumi! Nimemwomba anieleze tena, polepole. Ameniambia nisimwonee wivu. Kwake ilikuwa ngumu, yeye mtu wa soko, alikuwa akihesabu sauti za wapita njia ili asichanganyikiwe. Amesema Mungu angekuwa mcheshi kweli kama angetubadilishia zamu.

Jioni Pascal amekuja na kijana wa mabafle, zile spika kubwa. Wameangalia kiti changu. Wameona mahali pale ni pazuri. Bafle mbili zitasimama hapo, moja kila upande wa mlango. Kiti kimesogezwa katikati ya uani, juu ya zulia, chini ya turubai, mahali ambapo hata mtu aliye barabarani ataniona.

Jumatano, 12 Juni

Nimefunga mlango kwa ufunguo, ndipo naandika.

Delphine amekuja peke yake. Hakutaka chai. Hakutaka kukaa. Amesimama mbele ya picha ya Guy na kunipa mgongo. Nikasikia kile ninachokisikia siku zote, hasira kabla haijasema. Safari hii ilikuwa ya mwaka mzima.

"Maman Faida," amesema, "nikuulize kitu moja. Guy alikuwaka anatoka mu fête na tumbo inamuuma. Batu bote banajua. Ku ndoa yangu alitoka mbele ya gâteau. We unafanya kazi ku centre ya afya. Unapima damu ya Bagira muzima. Ya bwana yako, ulipimaka siku gani?"

Nimesema, "Alikufa na moyo, Delphine. Daktari alisema."

"Mutu iko na ugonjwa miaka makumi mbili, unamurudisha ku nyumba, unamufungia, halafu unaniambia moyo?" Amegeuka. Alikuwa analia bila kujipangusa. "Siku ya kilio nitasimama. Nitauliza mbele ya famille. Utanijibu kule."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa matatu tu. Hakuumwa tumbo kamwe. Lakini ningeyasema, angeuliza kwa nini basi alisema hivyo, na jibu la swali hilo ni mimi. Angejua kwamba kaka yake alitoka kwenye harusi yake kabla ya keki kwa sababu mke wake hakuweza kuvumilia kelele za furaha yake. Mwaka mzima amebeba tumbo lile. Analipeleka kaburini na kurudi nalo. Na mimi nimekaa nyuma ya tumbo hilo hilo, nimejificha.

Akaondoka. Bafle la kijana wa jirani likaanza.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemweleza Faida yote. Alijua. Kumbe alijua tangu ana miaka sita, aliona mkono wangu kwenye shati la baba yake. Ameniambia nimwendee shangazi yake leo, wawili tu, kabla ya Jumamosi. Ana akili kama baba yake. Nimekwenda.

Nimefika kwenye ua wa Delphine saa tisa. Ndani kulikuwa na sauti za wanawake, nane, labda tisa. Wanachambua maharage ya Jumamosi. Nimesimama nje ya ua. Nimehesabu hadi mia. Nimehesabu tena. Mwanamke mmoja akatoka na karai, akaniuliza natafuta nini. Na mimi nikasema: kuku.

Sijui ilitoka wapi. Nimesema kuku wangu amepotea, amekimbilia huku. Wakatoka wote! Wametafuta nusu saa, wameinama chini ya magari, wamepanda kwenye ukuta wa jirani. Delphine mwenyewe ametafuta, bila kuniangalia usoni. Wamempata. Kuku mweusi, mwenye kidole kimoja pungufu. Wamemfunga miguu, wamenipa, wamenisindikiza hadi njiani.

Nimerudi nyumbani na kuku wa mtu. Ukweli bado ninao.

Ijumaa, 14 Juni

Asubuhi nimemrudisha kuku. Ni wa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu. Nimeeleza kwamba nilimwokota. Amenishukuru sana, amesema atakuja kesho na wazee wake wanne kuniheshimu.

Turubai limefungwa. Viti vya plastiki vimefika, vya bluu na vyeupe, vinavyolia vikiburutwa kwenye saruji. Vumbi la kiangazi liko kila mahali. Bafle zimejaribiwa: moja, mbili, moja, mbili, kwa saa mbili. Nimelala kidogo chini ya kitanda. Si kujificha. Pale saruji ni baridi.

Nikiwa kule chini nimeona jambo kwa uwazi kabisa. Delphine atauliza kwa mikro. Mimi siwezi kujibu kwa mikro. Nikikaa kimya, watu mia na arobaini wataamini nilimwacha Guy afe. Kwa hiyo nisiwepo. Kesho alfajiri naondoka kwenda kijijini Miti. Pale kituo cha afya kuna Mélanie, tulisoma naye maabara, mtu wa maneno machache. Nitakaa kwake hadi Jumapili. Nitaacha barua. Fupi safari hii, bila shukrani.

Jumamosi, 15 Juni

Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi, kitambaa kichwani, mfuko mdogo mkononi. Nimefika kwenye njia kuu iendayo Kavumu. Baridi. Hakuna watu. Nimesimama kando ya barabara kusubiri gari la Miti na nimejisikia mwepesi kwa mara ya kwanza katika siku kumi.

Gari limekuja. Halikuwa linakwenda Miti. Lilikuwa linatoka Miti. Limesimama mbele yangu. Ameshuka shangazi Françoise, dada mkubwa wa baba yake Guy, mwenye umri wa miaka themanini na sikio moja linalosikia. Nyuma yake wajukuu, wakwe, vikapu, mihogo, magunia mawili ya maharage. Wametoka huko usiku bado haujaisha ili wawahi kilio.

Ameniona. Ametupa fimbo.

"Mujane mwenyewe! Amekuja kutupokea ku njia! Muangalie! Alfajiri yote hii!"

Wamenikumbatia mmoja mmoja. Wengine wamepiga magoti. Shangazi amelia kwenye bega langu na kuwaambia wote kwamba hata enzi zake hajaona heshima ya namna hii, mjane kutembea peke yake kwenye baridi kuwapokea watu wa Miti. Amechukua mfuko wangu akidhani nimewaletea kitu cha kula. Kulikuwa na mkate. Wameula.

Nimerudi Kasha nikiwa mbele ya msafara, wakiimba. Pascal ametoka nje akalia aliponiona. Faida alikuwa mlangoni na barua yangu mkononi. Ameikunja, ameiweka mfukoni mwake.

Misa imepita. Nguo nyeusi nimevuliwa chumbani na wanawake, nimevishwa kitenge cha kijani alichonichagulia Maisara. Nimekalishwa kwenye kiti. Mbele yangu nyuso mia na arobaini, na shefu wa kartiye na wazee wake mstari wa kwanza. Nimekuwa nikisikia vitu vyote kwa pamoja: viti, watoto, kikohozi cha mtu wa nyuma, mafuta jikoni, kiatu cha padri. Barua ya shukrani nilipewa nisome. Nimeona wino tu, nimeiweka mapajani.

Ndipo Delphine alisimama. Amechukua mikro. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Amesema kaka yake alikuwa na ugonjwa wa tumbo na watu wote ni mashahidi. Ameuliza mjane wake alifanya nini.

Kimya. Kimya cha kweli! Hata jikoni waliacha kukoroga. Watu mia na arobaini walinyamaza uani kwangu na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikusikia kitu chochote isipokuwa pumzi ya Delphine. Ilitetemeka kama ya Guy alipokuwa akizuia kilio. Sikujua kwamba wanafanana.

Nimesimama. Sikuchukua mikro.

"Guy hakuwa na ugonjwa wa tumbo," nimesema. "Ata siku moja."

Mtu wa nyuma ameomba nirudie. Nimerudia.

"Ilikuwa mimi. Batu bakikuwa bengi, mi nashindwa. Si kiburi. Nashindwa tu, kama mutu mwenye hawezi kuangalia jua. Namuvuta mukono wa shati mara mbili. Yeye anasema tumbo, tunatoka. Miaka makumi mbili na mbili alinibebea haya yangu ku tumbo yake. Ku ndoa yako, Delphine, nilimuvuta mbele ya gâteau. Unisamehe. Hakukukimbia. Alinisindikiza mimi."

Nikakaa.

Mwalimu mmoja, mwenzake Guy, ameinua mkono kama darasani. Ameuliza: hata siku ile ya mkaguzi? Nimesema hata siku ile. Mwingine ameuliza kuhusu ubatizo wa mapacha wake. Ndiyo, pia. Shefu wa kartiye ameuliza kuhusu Mwaka Mpya. Wakaanza kuulizana wao kwa wao, kila mmoja na sherehe yake. Pascal amesimama, mtu mzima, amevaa suti, ameuliza kama hata kwenye ndoa yake. Nimesema kwenye yake nilivuta mara nne, bafle lilikuwa karibu. Mtu amecheka. Kisha wengine. Padri ameficha uso, kumbe naye anacheka, aliomba sana kwa ajili ya tumbo lile. Shangazi Françoise alikuwa hajasikia kitu, lakini amecheka kuliko wote.

Delphine hakucheka. Ameweka mikro juu ya kiti, ametoka.

Nimemfuata nyuma ya nyumba, penye mabeseni. Amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nimekaa chini.

"Mwaka muzima," amesema, "nilikuwa nakuchukia juu ya tumbo yenye haikuwa na kitu."

"Najua. Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia, halafu unanyamaza?"

Amepangusa pua kwa kitenge chake kipya. Ameuliza kama Guy aliumia mahali popote, kweli, bila mimi kujua. Nimemwambia kila nilichoambiwa na daktari, neno kwa neno. Ilikuwa dakika moja. Alikuwa anachora mto. Amenifanya nirudie mara tatu, hasa ile dakika moja. Kisha amenishika mkono. Mkono wake una joto sana na bangili zake zinalia. Nimevumilia. Si kweli. Sikuona kitu cha kuvumilia.

Watu wameondoka jua likizama. Nimebaki hadi mwisho. Sasa najua inakuwaje. Mtu hafi. Ila masikio yanabaki yanaimba.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa barazani na kikombe kitupu.

Saa nne Delphine amefika. Peke yake, viatu mkononi, miguu inamuuma. Amekaa kwenye kiti cha pili. Nimengoja aanze. Hakuanza. Tumetazama viti vya plastiki vilivyopangwa, na vumbi, na mbwa wa Maisara akila mabaki. Dakika kumi. Nusu saa. Saa nzima! Hakuna aliyesema neno, na nimesikia kwamba hasira imekwisha, mahali ilipokuwa pamebaki uchovu tu, kama wangu. Nimefikiri: huyu ni dada yangu. Nimefikiri pia: imetosha, sitafanya mipango tena, kuanzia leo nitasema ukweli.

Alipoinuka alikuwa na machozi. Amesema tangu Guy afe hajapumzika hivi. Amesema hakujua kwamba watu wanaweza kukaa hivyo, bila kusema, na ikawa vizuri. Amesema jambo zuri namna hii si la watu wawili. Jumapili ijayo atakuja na wanawake wote wa kikundi chake cha sala, ishirini na saba, tukae kimya pamoja, hapa kwangu. Mimi nitawafundisha.

Nimesema karibuni sana.

Alipofika barabarani nilishaingia ndani. Nimemwandikia Luc, mkuu wetu wa kituo, ujumbe kwenye simu: wagonjwa wa Jumapili wanateseka bila vipimo, je, maabara isifunguliwe Jumapili pia, niko tayari kujitolea, mimi mwenyewe, kila wiki. Ni mpango safi. Hauna hata uongo ndani yake.

Amejibu upesi. Wazo zuri mno, wote watalipenda. Ila lazima nije kulieleza mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote na kamati ya mtaa, Jumatano saa mbili, ukumbi mkubwa. Niandae maneno ya dakika ishirini.

Nimemjibu kwamba nitafika bila kukosa. Kisha nimekaa kitandani, viatu vikiwa bado miguuni, kufikiria namna ya kutofika.